Filamu ya mwalimu anayekufa, na babu mgonjwa chumba cha pili

Swali: Assalamu alaykum. Mume wangu anafanya kazi Unguja na huja kwetu Wete kila mwisho wa mwezi. Safari hii amekuja na filamu ya Kimarekani iitwayo Tuesdays with Morrie, inayohusu profesa mgonjwa anayemfundisha mwanafunzi wake wa zamani mambo ya maisha mpaka anapokufa. Anataka tuitazame sote, pamoja na watoto wetu watatu wa miaka 16, 11 na 6, na baba yake ambaye tunaishi naye. Mzee alikuwa mwalimu wa skuli kwa miaka mingi. Sasa ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, na madaktari wametwambia tumuuguze nyumbani. Watoto wanajua kuwa babu anaumwa, ila hawajaambiwa zaidi ya hapo. Je, filamu hii inaifaa familia kama yetu, au tutawatia watoto hofu na kumvunja moyo mzee?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Filamu yenyewe ni njema, na mumeo hakukosea kuipenda. Kijana wa miaka 16 anaweza kuitazama, wa miaka 11 aitazame akiwa amekaa karibu na mmoja wenu, na wa miaka 6 asiitazame. Hata hivyo, nakuombeni msiiweke kwenye televisheni kabla watoto hawajaelezwa na wazazi wao, kwa maneno ya wazi, kwamba maradhi ya babu yao hayatarajiwi kupona. Katika kazi yangu ya unasihi kwa familia zenye wagonjwa mahututi nimeona mara nyingi mzazi akitumaini kwamba hadithi ya mtu mwingine itamsemea lile zito asiloweza kulitamka mwenyewe. Mtoto anayeipata habari kwa njia hiyo huelewa vyema kabisa, lakini huelewa pia kwamba wazazi wake walikuwa wakijua na wakanyamaza, na tangu hapo huacha kuwauliza.

Nieleze kwanza kilichomo, ili mumjue mtu mnayemkaribisha ukumbini. Morrie Schwartz alikuwa mtu wa kweli, profesa wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Brandeis, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Alipatwa na ugonjwa unaojulikana kwa kifupi kama ALS, ambao huua taratibu neva zinazoendesha misuli, na akafariki mwezi wa Novemba mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 78. Mwanafunzi wake, Mitch Albom, alihitimu mwaka 1979 akiwa amemuahidi mwalimu wake kwamba watawasiliana, kisha akazama katika kazi ya uandishi wa habari za michezo huko Detroit, ikapita miaka 16 bila ya hata salamu. Siku moja alimuona mzee huyo kwenye televisheni akihojiwa na mtangazaji Ted Koppel kuhusu kufa kwake. Akaenda kumtazama, na baada ya hapo akawa anarudi kila Jumanne. Kitabu alichokiandika kilitoka mwaka 1997, na filamu ya televisheni ikaonyeshwa mwaka 1999, Jack Lemmon akiigiza kama profesa na Hank Azaria kama mwanafunzi. Ina urefu wa takriban saa moja na nusu. Haina mapigano wala damu. Yumo mwanamke ambaye Mitch ni mpenzi wake na hajamuoa, na baadhi ya maonyesho yao ni ya kubusiana, jambo ambalo mtapenda kulijua mapema, hasa kama mzee atakuwepo. Kilicho kizito zaidi ni mwili wa mgonjwa wenyewe: anakohoa mpaka unaogopa kwamba pumzi itakatika, ananyanyuliwa kutoka kitini kama asiye na mifupa, na mwishoni anakufa.

Liko jambo katika maisha ya Morrie ambalo naliona linakuhusuni kuliko mafunzo yote anayoyatoa akiwa kitandani. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane. Habari ilikuja kwa telegramu, ile simu ya maandishi ya zamani iliyoletwa kwenye karatasi, kutoka hospitali, na kwa kuwa baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Urusi asiyejua kusoma Kiingereza, mtoto yule ndiye aliyeisoma kwa sauti mbele ya baba yake. Baada ya hapo baba alimkataza kumtaja mama yake, kwa sababu alitaka mdogo wake, David, akue akimdhani mama wa kambo kuwa ndiye mama aliyemzaa. Morrie alibeba amri hiyo kwa maisha yake yote, na alipokuwa mtu mzima alitaka watu wa nyumbani kwake wakumbatiane, wacheke na wazungumze, yale ambayo yeye hakuyapata utotoni. Profesa huyu anayezungumza kifo bila ya kujificha alilelewa katika nyumba iliyokataa kukizungumza. Ukilijua hilo kabla ya kutazama, utaona kwamba filamu haikupi kisingizio cha kuendelea kuwanyamazia watoto wako.

Sasa, nani aseme, na aseme nini? Hapa pana hatua ambayo katika barua yako sikuiona. Umeandika kwamba madaktari "wametwambia". Sijui kama mzee mwenyewe ameambiwa. Kwetu ni jambo la kawaida daktari kumvuta pembeni mtoto mkubwa wa kiume, akamweleza yeye, na mgonjwa akabaki na maneno ya kumtuliza tu, ingawa mara nyingi huwa ameshajijua kwa maumivu yake na kwa namna watu wanavyobadilisha mazungumzo anapoingia. Watoto wasijue jambo ambalo mwenye maradhi amefichwa, kwani mdogo wenu wa miaka sita atakwenda kumwambia asubuhi ya pili. Kwa hivyo mumeo, kabla ya kurudi Unguja, akae na baba yake peke yao, baada ya sala, wakati maumivu yametulia, na amuulize: "Baba, wewe unayaonaje maradhi haya? Daktari alikwambia nini?" Kisha anyamaze na asikilize. Ikiwa mzee anajua, amuulize jambo la pili: "Watoto wanauliza habari zako. Ungependa waambiwe nini?" Mtu aliyefundisha skuli kwa miaka mingi huenda akasema kwamba atawaambia yeye mwenyewe, na hilo likitokea, mpeni nafasi hiyo wala msimpokonye. Ikiwa hajui na haonyeshi kutaka kujua, msimlazimishe. Katika hali hiyo filamu isubiri, na mrejee kwa daktari aliyemtibu mshauriane naye namna ya kumweleza. Wewe, dada yangu, hata kama ndiye unayekaa naye zaidi, usibebeshwe mazungumzo haya. Mkaza mwana kumuuliza baba mkwe juu ya kufa kwake ni mzigo usiostahili kuwa wako.

Kuhusu watoto, tofauti ya umri ni kubwa mno kuweza kuwaweka pamoja katika maelezo ya namna moja. Mtoto wa miaka sita ndiyo kwanza anaanza kufahamu kwamba aliyekufa harudi, na bado huweza kuamini kwamba ni yeye aliyesababisha, kwa sababu aliwahi kukataa kumpelekea babu maji, au alipiga kelele babu alipokuwa amelala. Yeye aambiwe kwa ufupi: babu ana maradhi makubwa, dawa zinampunguzia maumivu lakini haziwezi kuyaondoa maradhi, hakuna aliyeyasababisha, na si maradhi ya kuambukiza, kwa hivyo anaweza kumkumbatia kama kawaida. Siku itakapofika, asiambiwe kwamba babu amelala au amesafiri. Niliwahi kuitwa katika nyumba moja ambamo mtoto aliambiwa kwamba bibi yake amelala, na kwa muda mrefu baada ya mazishi mtoto yule alikuwa akipigana na usingizi na kumwamsha mama yake usiku kila alipomuona amefumba macho. Wa miaka kumi na moja anaelewa kwamba kifo humfika kila mtu, na neno la Mwenyezi Mungu kwamba kila nafsi itaonja mauti amekwisha kulihifadhi chuoni. Yeye atakuuliza mambo ya vitendo: babu anaumia kiasi gani, atakufa lini, nani atalala chumbani kwake. Mjibu unayoyajua, na usilolijua mwambie kwamba hilo ni katika elimu ya Mungu na kwamba hata daktari halijui. Kijana wa miaka kumi na sita huenda anajua zaidi ya mnavyodhani, kwa sababu ana simu na ameshaandika jina la maradhi akasoma. Kwake muhimu ni kwamba mumuamini kama mtu mzima, na msimgeuze kuwa mlinzi wa siri.

Baada ya hayo ndipo filamu itakapoleta faida, na bado lazima mwaonye watoto kuhusu tofauti mbili kubwa. Ya kwanza ni ya maradhi yenyewe. Ugonjwa wa Morrie unadhoofisha mikono, miguu, koo na hatimaye misuli ya kupumua, lakini kwa wagonjwa wengi akili hubaki timamu, na ndiyo maana yule mzee aliweza kuzungumza kwa ufasaha mpaka karibu na mwisho. Saratani iliyofika kwenye mifupa haiendi hivyo. Kuna siku babu atakuwa na maumivu ya mgongo na nyonga asitake kusemeshwa, na kuna siku dawa kali ya maumivu itamfanya asinzie kutwa, hasa siku za mwanzo anapoanzishiwa au kuongezewa. Mtoto aliyetazama filamu akaona mzee akitoa hekima kila Jumanne anaweza kukaa kitandani pa babu yake akisubiri maneno makubwa, na akipata ukimya tu, akadhani kwamba babu hampendi. Mwambieni mapema kwamba kukaa naye kimya ni ziara kamili. Na kwa kuwa katika filamu mtaona miguu ikilegea polepole kama sehemu ya kawaida ya ugonjwa ule, naomba ulijue hili: kwa mzee wenu, miguu ikifa ganzi au kulegea ghafla, au akishindwa kukojoa, hiyo ni dharura, huenda uti wa mgongo umebanwa, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo bila ya kusubiri mumeo arudi.

Tofauti ya pili inakuhusu wewe. Filamu inamfuata mgeni. Mitch anakuja na mfuko wa chakula, anakaa saa kadhaa, anapata maneno ya thamani, kisha anapanda ndege kurudi kwao. Morrie alikuwa na mke, Charlotte, na walikuwepo wasaidizi waliomuosha, waliomgeuza na kumlisha, lakini macho ya mtazamaji hayawekwi kwao kwa muda mrefu. Katika nyumba zetu anayeamka usiku kuubadilisha mto na kupasha moto uji ni mkaza mwana, na wanafunzi wa zamani wa mzee, ambao nina hakika wanakuja kumtazama, hukaa ukumbini wakapewa chai na kuondoka na dua zake. Sisemi hivi kwa kuwalaumu, kwani kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu na ni thawabu kwa mwenye kuzuru. Ila nataka watoto wako wayaone mambo mawili kwa pamoja, wa kuja na wa kubaki. Mtakapokuwa mnatazama, pale wasaidizi wanapomnyanyua profesa kutoka kwenye kiti cha magurudumu na kumlaza, simamisheni picha na umuulize kijana wako mkubwa: "Kwetu kazi hii anaifanya nani?" Halafu mgawane kazi usiku huo huo. Kijana wa miaka kumi na sita anaweza kumsaidia babu yake kutawadha na kukaa tayari kwa sala, na wa miaka kumi na moja anaweza kuandika katika daftari saa ambazo dawa imetolewa.

Umeuliza pia kama mzee atavunjika moyo. Hilo linategemea zaidi kama ameulizwa. Morrie alimwambia Koppel, mbele ya mamilioni ya watazamaji, kwamba anachokiogopa ni siku ambayo mtu mwingine atalazimika kumsafisha baada ya haja kubwa. Ilipofika siku hiyo alijitahidi kuikubali, akasema anajifunza kufurahia kuhudumiwa kama mtoto mchanga. Nina heshima kubwa kwa ujasiri wake, lakini mzee wa Kipemba aliyeishi kwa sitara maisha yake yote ana haki ya kutotaka maneno hayo yasemwe mbele ya wajukuu na mkaza mwana, naye amekaa katikati yao akijua kwamba kila mmoja anamfikiria yeye. Kwa hivyo mumeo amweleze baba yake filamu inahusu nini, pamoja na kwamba mwalimu yule hufa mwishoni, na amuulize kama angependa kuiona. Akitaka, waitazame wawili tu mara ya kwanza. Akikataa, jambo limekwisha, na wala asibembelezwe. Usiku ambao nyinyi mtaitazama, mtoto wenu mdogo anaweza kukaa na babu chumbani, amsomee sura alizozihifadhi. Kwa njia hiyo wote wawili watakuwa na shughuli yao, na hakuna atakayehisi kwamba amefungiwa mlango.

Kuna tukio moja ambalo huwavutia sana watazamaji, na mumeo anaweza kutamani kuliiga. Morrie alihudhuria mazishi ya mwenzake, akasikitika kwamba maneno mazuri yaliyosemwa pale marehemu hakuyasikia, ndipo akawaalika jamaa na marafiki nyumbani kwake wamuage angali hai. Kwa watu wake lilikuwa jambo zuri. Kwenu nashauri msilifanye kwa sura hiyo, kwa sababu majirani wataona mnamchuria mzee, na yeye mwenyewe anaweza kuona kwamba mmekwisha kumzika. Tunayo desturi yetu ya kutakana radhi, nayo inatosha kabisa ikiwa itafanywa mapema na kwa dhati, si kwa haraka pale ulimi unapokuwa umeshaanza kuwa mzito. Kila mtoto na kila mjukuu mkubwa aende kwa wakati wake. Na wanafunzi wake wanapokuja kumtazama, mumeo awaombe kwa siri kila mmoja ataje jambo moja alilofundishwa na Mwalimu ambalo bado analitumia. Watoto wakae wasikilize. Hapo mzee atayasikia yale ambayo yule marehemu, mwenzake wa Morrie, hakuyasikia, na hakuna atakayesema kwamba mmemuandalia hitma kabla ya wakati wake.

Profesa na mwanafunzi wake walirekodi mazungumzo yao kwa kinasa sauti, na hili ndilo ningependa mulichukue moja kwa moja kutoka kwenye filamu. Simu ya kijana wako inatosha. Mwombeni ruhusa mzee, kisha mtoto amuulize mambo madogo ambayo mtu mgonjwa anaweza kuyajibu bila ya kuchoka: mshahara wake wa kwanza aliununulia nini, mwanafunzi gani alimtia taabu zaidi, msimu wa karafuu ulikuwaje alipokuwa mdogo, nani alipanda mkarafuuni na nani alibaki chini akichambua vikonyo. Dakika kumi zinatosha kwa siku. Maswali makubwa juu ya maisha na mauti msiyatafute. Mzee akitaka kuyasema atayasema, na akiwa na wasia wa mali au wa deni, huo uandikwe mbali na rikodi hizi, mbele ya mashahidi, kwa utaratibu wake wa kisheria na wa dini.

Namna ya kutazama haina mambo mengi. Wewe na mumeo iangalieni kwanza peke yenu, mkaamue mapema wapi mtasimamisha. Anzeni baada ya isha siku ambayo kesho yake hakuna skuli, na mgawe kwa usiku mbili ikiwa wa miaka kumi na moja anachoka. Filamu ni ya Kiingereza, kwa hivyo mmoja wenu awe anafasiri kwa sauti ya kawaida, na hilo litakupeni pia nafasi ya kupunguza kasi panapokuwa pagumu. Profesa si Muislamu, alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, na anazungumzia kufa kama jambo la kimaumbile bila ya kutaja barzakhi wala hesabu. Waelezeni watoto kwamba huo ni mtazamo wake, kisha muwasomee ile hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, inayotuhimiza tuyatumie mambo matano kabla ya matano, uhai kabla ya mauti yakiwemo, nao wataona wenyewe wapi yanakutana na wapi yanaachana. Baada ya filamu msiwafanyie mtihani. Mtoto akilia, mwacheni alie. Akicheka au akaomba chakula, asikemewe, kwani watoto huingia na kutoka katika huzuni kwa haraka kuliko watu wazima, na atarudi na swali lake siku ya pili akiwa anaosha vyombo au mko njiani kuelekea sokoni. Wakati huo ndio uwe tayari kumjibu.

Ikiwa hali ya mzee itabadilika kabla hamjaitazama, iwekeni mbali. Wiki za mwisho za mgonjwa nyumbani hazina nafasi ya filamu, na siku za msiba ndiyo kabisa. Baada ya arubaini, ikiwa kijana mkubwa ataiulizia, mwachieni aitazame pamoja na baba yake. Wa miaka kumi na moja mngojee mpaka aombe mwenyewe, hata kama itachukua mwaka.